Kompyuta ya michezo kwa ajili ya kilio cha Baba

Alhamisi, mvua haijakata tangu asubuhi. Nimerudi kutoka mjini Mbarara, viatu vimejaa matope, katoni kubwa iko juu ya kitanda changu na sina hamu ya kuifungua. Leo sitaki kusema na mtu. Ndiyo maana naandika.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ninapiga video za mazishi. Za arusi pia, lakini hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, mazishi ndiyo yanayonilisha, kwa sababu kila familia ina watu wake Amerika, Kanada, Australia, na hao hawawezi kuja. Wanalia mbele ya simu. Mimi ndiye ninayewatumia cha kulilia.

Baba yangu alikufa mwezi uliopita. Nani alipiga video? Mimi. Nani mwingine?

Dada yangu Nzigire, yule aliyepata safari ya Amerika, hajaona hata kidogo. Laptop yangu ilikufa nilipokuwa ndiyo nimeanza kuipanga video. Na Jumapili hii tunamaliza kilio. Watu watasali, watakula, na Nzigire kule aliko amewaalika wakristo wa kanisa lake waangalie mazishi pamoja naye. Alinitumia pesa ya mashine na maneno machache: "Usikate kitu. Nataka nione yote, sawa vile nilikuwa hapo."

Sasa, mashine yenye nguvu ya kubeba video nzito ni ile wanayoiita kompyuta ya gemu. Siyo mimi niliyeamua hivyo. Kadi ya picha inayokimbiza magari ya mchezo ndiyo hiyo hiyo inayokimbiza video zangu. Nikaona ninunue iliyofungwa tayari, maana kutafuta vipande kimoja kimoja ni kazi ya mtu mwenye muda, na mimi nina siku hizi chache tu.

Duka liko mjini, juu ya ngazi. Muuzaji ni kijana Munyankole, mwenyeji wa huko, mpole lakini mdomo mwingi. Kabla sijakaa ameshauliza: "Wewe nacheza game gani?" Nikajibu mpira. Aibu ilinishika. Ningesema nini, nacheza mazishi?

Akanionyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa na kioo ubavuni na taa za rangi zinazozunguka kama za baa, na bajeti yangu ilifika hapo, pamoja na skrini yake. Nikauliza, ndani kuko kadi gani? Akaanza kunisifia taa. Aka! Nikauliza tena, akakubali kwamba kadi ni ya zamani. Ya pili ilikuwa na kadi nzuri na memori ya kutosha, nayo pia imejaa taa, lakini bei yake ilinifanya nitazame dirishani.

Wateja wengine hujaribishiwa mashine kwa mchezo wa magari. Mimi mjinga nikasema hapana, tujaribu na video yangu, nikamkabidhi kadi ya kamera. Sikufikiri hata kidogo. Ndivyo ninavyofanya kazi siku zote: ukitaka kujua mashine, ibebeshe kitu kizito ulicho nacho. Na kitu kizito nilichokuwa nacho ni Baba.

Kwenye ile ya kwanza, jeneza lilishuka kwa kukwama. Linashuka, linasimama, linaruka. Sauti ilikuwa inakatikakatika. Mteja mmoja nyuma yangu alicheka, kisha akaona ni nini, akatoka nje. Roho iliniuma, lakini nikasema tumalize, weka kwenye ya pili.

Ya pili ilikwenda laini kabisa. Nyimbo za wamama zilijaa duka lote. Na katikati ya nyimbo, kwenye zile spika kubwa, nikasikia sauti ya baba mdogo:

"Byamungu, wacha iyo kamera, kuya utupe budongo. Ni baba yako."

Halafu sauti yangu mwenyewe, karibu sana: "Mutupe, mie nitakuya."

Sikuenda.

Kwetu kila mtoto anatupa konzi yake ya udongo kabla majembe hayajaanza. Mimi nilikuwa natafuta uso wa Mama, nipate picha nzuri. Majembe yakaanza. Hata sikukumbuka, mpaka leo, mbele ya watu nisiowajua.

Yule kijana alinyoosha mkono polepole, akazima zile taa za rangi. "Pole sana, sebo," akasema, akiniita bwana kwa lugha yake. Hakuuliza habari ya game tena.

Nilichukua ya pili. Skrini nikaiacha dukani, nitatumia televisheni ya nyumbani. Sola yangu haitaiweza mashine hii, nimeshapiga hesabu, kwa hiyo nitafanyia kazi kwa kinyozi jirani, mwenye umeme wa laini. Watu watakuwa wananyolewa na Baba anazikwa. Maisha gani haya.

Ninachoogopa ni Nzigire. Kila akipiga simu analia na kuniambia: "Heri yako wewe, ulimuzika." Na mimi huwa naitika.

Naweza kuikata ile sauti. Ni kitambo kidogo tu. Nimewakatia watu mambo mengi: mjomba aliyelewa, mashemeji waliosukumana kando ya kaburi. Hapa naongeza wimbo kidogo juu yake, basi, hakuna atakayejua, na dada yangu ataendelea kuamini kwamba mmoja wetu alikuwa pale kwa ajili ya wote wawili. Nimeliwaza hilo njia nzima, nimeipakata ile katoni magotini. Nilitaka sana kuikata. Bado nataka.

Siikati. Atasikia mbele ya kanisa lake lote, na akinipigia nitashika simu.

Lakini kesho asubuhi, kabla sijaiwasha mashine, naenda makaburini. Najua udongo umeshashikana, nyasi labda zimeanza kuota. Konzi yangu haitafunika kitu. Kamera inabaki nyumbani.