Somo Wako Kwenye Benchi la Wachezaji

Lewisville, Texas
Jumapili mchana, Novemba 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeketi, chai iko mkononi na goti limepoa. Je, ile dawa ya kuchua niliyokutumia inakusaidia, au umeshawagawia majirani kama kawaida yako? Huku sisi ni wazima. Baba Mkawasi bado yuko kwenye ghala la vipuri na bado analalamikia baridi. Mimi naendelea kuwahudumia wazee kwenye makao yao. Somo wako, Mkawasi mdogo, ana miezi tisa sasa, na meno mawili, yote ya chini.

Barua yako niliipata. Umesema Mama Njeri, Mkenya mwenzetu wa huku, akija nyumbani Krismasi nimkabidhi mtoto amlete Voi, umlee mpaka afikie umri wa shule, nami nifanye kazi na "huo mpira wako" bila kuhangaika. Mama, nilikuwa nimekubali. Pasipoti yake ilishatoka. Begi lake nililipanga mwenyewe, nguo ndogo juu, kubwa chini, kwa kadiri atakavyokua. Wenzetu wengi huku wamewapeleka watoto kwa bibi zao na hakuna anayewasema. Lakini jana limetokea jambo, na nataka ulisikie kwangu, kwa mpangilio, kama nilivyoliandika kwenye daftari langu la kila siku.

Unamkumbuka Bi Loretta, mpishi wa pale kazini? Ni Mchokto, mmoja wa wenyeji wa nchi hii kabla ya wazungu. Si kama wale wa kwenye kitabu chetu cha jiografia, wenye manyoya kichwani. Serikali iliwashawishi watu wake wahamie Dallas kwa ahadi ya kazi, naye akaja akiwa kijana. Aliposikia kuwa nilicheza mpira wa kikapu sekondari, alinishika mkono akasema wasichana wao wana ukumbi na mpira, ila kocha hawana. Huu ni mwaka wa pili nawafundisha kila Jumamosi. Wako tisa, na mjukuu wake Tasha ndiye nahodha. Tulipoanza, mpira ukimjia upande wa kushoto Tasha aliukwepa kama sufuria ya moto. Ungemwona sasa!

Kwenye ukuta wa ukumbi nilibandika masharti yangu. La kwanza: benchi ni la wachezaji tu. Bibi, shangazi na watoto wachanga wakae kule nyuma. Wangu mwenyewe nilikuwa namwacha kwa jirani. Nitakuambia ukweli, niliogopa wakiniona na nepi mkononi hawatanihesabu kuwa kocha.

Jana tulialikwa mechi na wenyeji wengine wa nchi hii, kabila tofauti, ambao kijiji chao kiko kwenye msitu wa misonobari kabla ya kufika Houston. Ni mwendo wa saa nne kwa gari. Asubuhi jirani akaugua, Baba Mkawasi naye alikuwa zamu. Ikabidi mtoto aje. Tulipofika nikampa Bi Loretta amshike kule kwa watazamaji, nikaenda kusimama na timu yangu.

Robo ya mwisho, pointi ziko sawa, nikageuka kumtazama. Bi Loretta hakuwa na mtoto mapajani, alikuwa anakula bisi!

Mama, nilipiga kelele refa asimamishe mchezo. Kocha hupewa nafasi chache tu za kuusimamisha, na hiyo ilikuwa yangu ya mwisho. Wasichana wakanikimbilia, wakanizunguka, wanangoja mbinu.

Nikawauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Wakaangua kicheko. Tasha akanyoosha kidole. Somo wako alikuwa kwenye benchi la wapinzani, amepakatwa na kocha wao, anatafuna taulo. Na mtoto wa kocha huyo alikuwa miguuni pake, anachezea kamba za viatu. Kumbe kwa watu hawa mtoto hupita mkono kwa mkono, na yeyote mwenye nafasi humpokea.

"Ni wenu huyu?" yule kocha akaniuliza kwa sauti. "Yuko hapa tangu robo ya pili. Anatushangilia sisi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilirudi mahali pangu uso unawaka.

Zikabaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja, na sina tena nafasi ya kusimamisha mchezo. Nikafungua mdomo. Tasha akaniinulia kiganja: "Tulia, Kocha." Akawaita wenzake, akawanong'oneza, wakaenda. Akapita kushoto, kwa mkono wa kushoto, akampasia mchezaji wetu mdogo kuliko wote, naye akaurusha. Mpira ukazunguka kwenye ukingo wa kikapu, ukatoka nje.

Tulishindwa. Lakini walicheza kama watu wanaojua wanachofanya, bila neno langu hata moja. Garini Tasha akasema, "Nafasi yetu ya mwisho ina meno mawili," wakacheka mpaka wakasinzia.

Bi Loretta alikuwa kando yangu. Akaniuliza kwa nini nilishtuka vile, kwani nilidhani mtoto ataenda wapi. Nikamwambia habari ya Krismasi. Akasema kwamba yeye akiwa na miaka sita alipelekwa shule ya bweni ya serikali, mbali na kwao. Aliporudi, mama yake alimsemesha, naye hakuweza kumjibu kwa lugha yake. Hakuniambia nifanye nini. Aligeuka tu akamfunika Mkawasi vizuri.

Mama, wewe si shule ile, najua. Kwako angependwa na kuongea lugha yetu vizuri kuliko atakavyoongea huku. Lakini mimi ningekuwa sauti ya kwenye simu. Sitamleta, na nakuomba usinikasirikie. Mpira pia siuachi. Leo baada ya ibada nilipita ukumbini nikaibandua ile karatasi ya masharti.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya. Mdogo wangu Mwakio mwambie asiruke hesabu.

Begi la mtoto Mama Njeri atakuletea hata hivyo, lina sweta yako na picha zake. Akirudi huku, mpe leso mbili, zile nzito ulizotubebea sisi mgongoni. Umesema unataka kunisaidia nimlee. Basi ndizo ninazohitaji. Jumamosi nafundisha kwa mikono miwili, na mgongo uko wazi.

Mwanao akupendaye,
Wakesho