Jeshi Ndani ya Beseni

Kwako mdogo wangu, Jemadari,

Natumai barua hii itakukuta mzima, umeshakula, na umeacha ule mtindo wako wa kulala na soksi. Mimi mwili haujambo. Kikohozi kimeisha, mguu hauvimbi tena, na kazini bado wananihitaji, maana mashuka ya hospitali hayajifui yenyewe. Baba naye anakula, analala, na choo anapata. Nimeanza na hayo kwa sababu najua ndiyo utakayoyatafuta kabla ya mengine. Sasa kaa chini usome taratibu, wala usirukie mwisho.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ukweli ni kwamba kila ukipiga na kuuliza habari za jeshi lako la visanamu, mdomo wangu hujibu wenyewe kwamba kazi inaendelea vizuri, kisha nakuuliza hali ya hewa ya huko. Nimeona nikishika kalamu labda sitaweza kukwepa. Nimekwepa vya kutosha.

Najua mashindano ya mchezo wenu wa vita vya mezani yamekaribia. Umeniambia kwamba sheria ya ule ukumbi wenu wa nyuma ya duka la vitabu haina huruma, kisanamu kisichopakwa rangi hakipandi mezani. Umeniambia pia kwamba hadi sasa unaazima jeshi la mifupa la yule fundi friji, na kila mkipigwa anasema mifupa yake haijazoea kuongozwa na fundi umeme. Nilicheka ulipolisimulia hilo. Mchezo wenyewe siuelewi, watu wazima kurusha dadu na kupima meza kwa futi kamba, ila nakuelewa wewe. Unataka kusimama nyuma ya watu wako mwenyewe.

Basi nianzie lile boksi la vibete vya plastiki ulilotuma Baba akupakie, lilipofika. Baba alilifungua mezani kwake, pale dirishani. Alimtoa kibete mmoja, akamweka kiganjani, akavaa miwani, akamgeuza kila upande. Alisema ndevu zimemzidi mwenyewe, na kwamba huyu na shoka lake hata mlango wa kuku hapiti bila kuinama. Kisha akauliza mteja ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akauliza kama mteja ameacha maelezo ya rangi. Nikamsomea karatasi yako: makoti ya buluu, ndevu nyekundu kwa wazee na nyeusi kwa vijana, nyundo nyeupe kwenye kila ngao. Aliitikia kwa kichwa akasema mteja anajua anachotaka.

Hujamwona Baba akifanya kazi tangu mabango ya kuchapishwa yalipomnyang'anya wateja, kwa hiyo nikueleze. Alimgandisha kila kibete juu ya kizibo cha chupa ili asimguse kwa vidole. Akawapaka wote nyeusi kwanza, akisema kivuli hutangulia na mwanga hufuata. Alipofika kwenye vyuma, alichovya brashi, akaifuta kwenye kitambaa mpaka ikabaki kavu, akaipitisha juu juu tu, na shoka likang'aa kwenye kingo peke yake. Macho aliyaacha mwisho. Alikata brashi ikabaki na nywele chache, akashusha pumzi, akagusa. Mtu aliyeandika "Mbwa Mkali" kwenye mageti ya watu wasio na hata paka, sasa alikuwa akitia mboni kwenye uso usiozidi punje ya dengu.

Nilijua sababu ya kutuma boksi si kwamba huko mliko hakuna wapaka rangi. Hukusema, nami sikuuliza. Lakini nilikuwepo siku ile pale kibandani kwake alipokunyang'anya brashi mbele ya wateja, baada ya jina la duka la watu ulilokuwa ukiandika kupanda juu herufi kwa herufi mpaka likataka kutoka nje ya ubao. Alikuambia mkono wako ni wa kupigilia misumari. Tangu hapo hukugusa rangi, na yeye hakukuita tena. Miaka yote hiyo mmekuwa mkisalimiana kupitia kwangu, kama watu waliopanga nyumba moja. Kwa hiyo boksi lilipokuja, nilifurahi. Nakumbuka kwamba nilifurahi, ingawa sikumbuki vizuri furaha yenyewe ilikuwaje.

Sasa habari ya kusahau kwake. Nilikuambia anasahau funguo na majina. Hayo yalikuwa kweli zamani. Siku hizi anauliza mbona Mama hajarudi, namjibu yuko njiani, maana nilipomwambia ukweli alifiwa upya na akashinda akilia. Mimi huniita kwa jina la shangazi, na siku nyingine mimi ni mteja tu, ananiomba nivute kiti nisubiri. Daktari alisema haitarudi nyuma. Alisema mikono huchelewa kusahau kuliko kichwa, tumpe ile kazi ambayo mikono inaijua, basi. Yule mama fundi cherehani wa jirani hunisaidia kumwangalia nikiwa kazini, na hajawahi kunipa sura ya kuchoka.

Jemadari, jeshi lako lilikamilika kitambo, kabla hata hujaniuliza mara ya kwanza. Wote, hadi mpiga ngoma na yule mzee wa bendera. Walikuwa wazuri kiasi kwamba mama fundi cherehani alipowaona aliinama kuwatazama, na hakunyanyuka mpaka mgongo ulipomuuma. Kila mmoja alikuwa na sura yake. Mmoja alikuwa amenuna hasa, mwingine ungesema anamdai mtu. Niliwafunga kwa pamba, nikaandika anwani yako juu ya boksi, nikaliweka mlangoni.

Asubuhi iliyofuata Baba alikaa mezani na meza ilikuwa tupu. Alianza kubandua rangi iliyokauka kwenye mbao kwa ukucha. Kidogo akatoka. Mama fundi cherehani alimfuata akamkuta njia panda, anasimamisha magari na kuwauliza madereva nani amemwita kuandika ubao. Kesho yake nikafunga geti, akaligonga mpaka mkono ukachubuka. Nilipigiwa simu kazini nikarudi na aproni, nikamkuta amejikalia chini getini, ananiuliza kwa adabu kama hapa kuna kazi. Nikafungua boksi lako. Nilidhani nitampa arudie rudie kidogo, aongeze rangi hapa na pale, mikono ipate la kufanya.

Alikataa. Alimshika yule mzee wa bendera, akamtazama kwa muda mrefu, akasema hii ni kazi ya fundi hasa, akaniuliza fundi huyo anaitwa nani. Nikamwambia ni yeye mwenyewe. Alicheka akanikanya nisimdhihaki mzee, yeye ni mwandika mabango, kitu kidogo hivi hajawahi kukishika. Na brashi yake hawezi kuiweka juu ya kazi ya mwenzake. Unamjua kwa hilo. Hata duka likibadilisha mwenyewe, alikuwa hagusi ubao mpaka herufi za fundi wa kwanza zikwanguliwe zote, na wakwangue wao, si yeye.

Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nilijaza beseni. Kwanza nilimjaribu mpiga ngoma kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, nikakosea, plastiki ikavimba na ndevu zikateremka mpaka kwenye ngoma. Huyo ndiye niliyekuambia hakuwemo kwenye boksi. Alikuwemo, nisamehe. Waliobaki niliwaloweka kwenye spiriti ya duka la dawa, ile ya vidonda, nikafua nguo zangu huku wakilainika, kisha nikawasugua mmoja mmoja kwa mswaki. Macho yalitoka kwanza, kwa kuwa ndiyo yaliyopakwa mwisho. Halafu ndevu, halafu makoti, na maji yakawa ya buluu kwa muda kabla ya kuwa ya rangi ya matope. Nilikuwa nangojea nilie. Nikakumbuka kwamba sijaanika, nikaenda kuanika.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu na sikupiga picha hata moja. Najua hilo ndilo litakalokuuma, limeniuma na mimi, au niseme najua mahali ambapo lingeniuma. Niliwarudisha mezani wakiwa kijivu. Baba akafurahi, akawageuza, akasema ndevu zimewazidi wenyewe, akauliza mteja ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akauliza kama umeacha maelezo ya rangi.

Tangu hapo ndiyo maisha yetu. Akimaliza, naosha. Sikuhesabu. Mwanzoni hungeona tofauti. Kisha nyundo kwenye ngao zikageuka madoa. Kisha akawa anaruka ile nyeusi ya kwanza, kivuli hakitangulii tena. Buluu ikaanza kupanda shingoni. Na mimi kila safari nilisugua vilevile, kwa mswaki uleule, na kwa uso huu huu ninaoingia nao kazini. Kule kwenye mashuka wanasema nina moyo mgumu, yakija yenye damu wenzangu wanageuka, mimi nakunja mikono ya nguo. Si moyo mgumu, mdogo wangu. Ni ganzi. Sina huzuni ya kukuandikia wala nafuu ya kukuandikia. Nafika nyumbani, naosha jeshi, napika, nalala.

Basi jibu la swali lako ni hili: jeshi halitakuja. Halitakuja kwa mashindano haya wala yanayofuata. Likija kwako, Baba atabaki na geti. Endelea na mifupa ya fundi friji, au nunua vibete wengine upake mwenyewe. Ukinikasirikia, kasirika, una haki. Ulinikabidhi kitu nikakiharibu, tena si mara moja, na huku nikikuambia kila kitu shwari. Sikuombi uje. Kazi yako ninaijua, na nauli ninaijua, na nimeshazoea kutokuombeni kitu, wewe na ndugu zetu wakubwa.

Nimalizie kwa salamu. Mama fundi cherehani anakusalimu sana, anasema ile suruali uliyoiacha ameipunguza kiuno na sasa itakubidi upungue na wewe. Wenzangu wa kazini wanakusalimu pia, hasa yule wa pasi anayeuliza kila siku kama umeoa. Mwambie umeoa, apumzike.

Baba naye ana salamu zake, nakuletea kama zilivyo. Juzi alimaliza tena. Safari hii walikuwa wabaya, sikufichi, rangi nzito kama uji, macho yameteremka mashavuni, mmoja ana matatu. Nilishika beseni. Akanizuia mkono, akamchukua mmoja, akauliza nani kapaka. Akajijibu mwenyewe kwamba ni wewe, mwanawe, mkono huu anaufahamu. Nilisubiri matusi yale ya kibandani. Hakutukana. Amenituma nikuambie kwamba rangi umeiweka nzito, kivuli umekisahau, na macho hayapakwi ukiwa na haraka, lakini una subira, na mtu mwenye subira hufundishika. Amesema kosa lilikuwa lake, kwamba alikunyang'anya brashi badala ya kukushika mkono. Amenikataza nisiwaoshe, anataka ukija uone mwenyewe ulipokosea. Tangu juzi hajapaka kitu na wala hajaenda getini. Ameosha brashi zote, amevuta kiti cha pili hadi mezani, na kila nikipita ananiuliza kama umeshafika.

Ni mimi,
Dada yako