Shangazi Alivyoisikia Shira

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Kifua kimepona, au bado kinakubana asubuhi? Na shemeji, mgongo wake unaendeleaje? Wanao pacha hawajambo? Sisi huku ni wazima, ila shemeji yako, huyu mume wangu, aling'olewa jino, akalia siku tatu utadhani amefiwa. Sasa ametulia.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara mbili nikaiweka kabatini. Unasema utakuja mwisho wa mwezi kumchukua mama yako, Shangazi yangu, umpeleke kwenye ile nyumba wanamolelewa wasioona, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuandikia kwamba amekata tamaa. Ni kweli, niliandika. Tangu macho yake yazime kabisa, miezi minane sasa, Shangazi alikuwa mtu wa kulala kaelekea ukutani. Chakula vijiko vitatu, basi. Ukimwuliza lolote, jibu ni lile lile: "Sawa tu, mwanangu." Hata nilipomsomea barua yako alisema hivyo. "Sawa tu. Mnipeleke popote." Mwanamke aliyepikia shule nzima miaka thelathini, aliyewafokea walimu wakuu watatu kwa kuchelewesha kuni! Niliumia kuliko kama angelia.

Sasa kaa kitako nikusimulie ya wiki hii.

Jumatatu shemeji yako alirudi kutoka ghalani na gunia la matufaha. Kreti zilianguka wakati wa kushusha mzigo, matunda yakapondeka, msimamizi akawaambia wagawane. La kung'ata halikuwamo hata moja. Jirani yetu fundi cherehani akanielekeza nipike shira: uyaoshe, uyakatekate na maganda yake, uyachemshe mpaka yalainike, uyamimine kwenye kitambaa safi uyaache yadondoke yenyewe bila kukamua, kisha yale maji yake uyarudishe motoni na sukari mpaka yawe mazito kama asali. Alivyokuwa akieleza, ungedhani ni kazi ya kuchemsha chai.

Sufuria ya kwanza niliiunguza. Si kuungua kwa mzaha, ilikuwa lami. Niliisugua mpaka kucha zikaisha.

Jumanne nikaweka ya pili, nikasimama kuilinda kama askari. Ikachemka weee, haina haraka. Mara mlango ukagongwa: ni fundi bomba, yule tuliyemngoja wiki mbili aje kutengeneza koki ya uani. Nikampeleka uani. Tukaanza kubishana, yeye anataka kubadilisha koki nzima, mimi nasema ni mpira tu umekwisha. Kitinda, nilisahau. Nilipokumbuka, nilimwacha fundi na koki yake. Nikakimbia ndani.

Shangazi alikuwa amesimama jikoni.

Peke yake, na gauni la kulalia, miguu mitupu. Mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, mwingine uko kwenye kitufe cha gesi. Unaijua korido yetu ilivyo, na kile kizingiti cha jikoni kinachotukwaza hata sisi tunaoona. Tangu apofuke hajawahi kukivuka bila kushikwa mkono. Moto alishaupunguza. Kichwa kakiinamisha, sikio lake liko kwenye sufuria, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Nani kakufundisha kuacha sufuria inalia?" akaniuliza.

Sauti ile! Ile ile ya jikoni shuleni, niliyodhani hatutaisikia tena.

"Shangazi, umejuaje?"

"Nyamaza kwanza. Sikiliza."

Nikasikiliza. Mimi nilisikia kitu kinachemka, basi. Yeye ndipo akaanza kunifafanulia, polepole. Maji yakiwa bado mengi, kelele yake ni nyepesi, ya haraka haraka, kama watu wengi wanaoongea kwa pamoja. Yakipungua, kelele inashuka. Shira ikikaribia kuwa tayari, kila povu linapasuka peke yake, zito, linajikokota.

"Nilikuwa nimelala," akasema, "nikaisikia inashuka. Nikasema, sasa ataitoa. Huji. Nikaita, huitiki. Nifanyeje sasa, nijifunike shuka mpaka iungue kama ya jana?" Kisha akasema, si kwangu hasa, kama mtu aliyeokota kitu na bado anakigeuzageuza mkononi: "Miaka yote ile nilidhani ninaangalia. Kumbe nilikuwa nasikiliza, sifa zinachukuliwa na macho."

Nilivuta kigoda nikakaa.

Akaniambia nilete chupa. Nikataka kumimina mimi, akanipiga kofi la mkononi. Alitafuta mdomo wa chupa kwa kidole, akaweka faneli, akamimina. Chupa ikijaa, anasema, sauti yake inapanda, inapanda, inakuwa nyembamba. Hapo ndipo unaacha. Chupa sita, Kitinda. Zote zimejaa mpaka shingoni, sawasawa, na mezani hakuna hata tone. Mimi na macho yangu mawili humwaga mafuta ya taa kila nikijaza kandili.

Fundi bomba alikuwa amesimama mlangoni na spana yake, mdomo wazi. Shangazi akamgeukia. "Na wewe, koki yako bado inadondoka." Fundi akarudi uani kutazama. Ilikuwa inadondoka.

Kisha Shangazi akaniuliza, "Ina rangi gani?" Nikainyanyua chupa dirishani. Nikamwambia nyekundu, kama chai ya rangi iliyokolea, na jua linapita ndani yake. Akaomba aishike. Aliishika kwa mikono yote miwili, bado ina moto wake, akakaa nayo mpaka ikapoa.

Sitakudanganya kwamba yote yamenyooka. Alhamisi aliunguza vidole viwili, akarudi kitandani, akageukia ukuta, akalia mchana kutwa. Nikasema basi, imekwisha. Ijumaa asubuhi nikasikia mtu anagonga makabati jikoni. Anatafuta kiberiti, na ananilaumu kwa kukihamisha.

Shira tunaitia kwenye mkate, kwenye uji, na kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Shemeji yako anadai inatibu pengo la jino. Fundi cherehani alionja akaomba aelekezwe namna ya kupika, yeye aliyenifundisha mimi!

Kuhusu barua yako, jana aliniomba niisome tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwandikie aje, nimemkumbuka mwanangu. Lakini aje kukaa, asije kunibeba. Mwambie ile nyumba nimeikataa mimi, asikununie wewe. Niliposema popote, nilikuwa sijui kama bado nina kazi." Nimeandika kama alivyotamka, mdogo wangu. Mimi sina la kuongeza, ila kwamba nilikosea kukuandikia vile, unisamehe.

Leo asubuhi tumepika sufuria ya mwisho ya lile gunia. Nilikaa kando yake nikafumba macho, nijaribu. Mwanzoni kelele tupu. Nikangoja. Shingo iliniuma, nikangoja tu. Halafu nikaisikia ikishuka, kweli, kama vile chumba kizima kimevuta pumzi. "Sasa!" nikasema. Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Bado kidogo," akasema. Nikafumba tena, nikasikiliza, povu moja, kimya, povu moja. Nilipofumbua macho niseme neno, mkono wake ulishazima moto.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu pacha kila mmoja mara mbili. Shemeji yako anakusalimu, fundi cherehani anakusalimu, na mama yako, anayenisikiliza nikimsomea hivi kwa sauti, anasema amekusalimu kabla yetu sote. Mungu akufikishe huku salama na akulindie nyumba yako mpaka urudi.

Ni mimi dada yako wa kulelewa pamoja, nikupendaye bila kuchoka,

Dada wa Nyumba Kubwa