Eliya Ameacha Raga

Whitehall, Amerika, Jumapili jioni

Nani aliwaambia akina mama walie? Eliya amestaafu raga tu, hahami hata nyumba. Lakini kanisa zima lilimwombea na kumpa blanketi, kama tulivyowaaga kwenye kambi ya wakimbizi waliopanda basi la uwanja wa ndege kuja Amerika.

Mchungaji alisifu uaminifu wake, miaka kumi na timu moja. Sikusema kwamba timu nyingine hazikumtaka. Mimi mwenyewe kila Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya, nilikuwa uwanjani, napiga kelele mpaka sauti inakauka, na tunapigwa.

Halafu Eliya akanigeukia mimi, kiongozi wa kwaya. "Dada, sasa Jumamosi zangu ziko wazi. Naingia kwaya."

Huyu akiimba, watoto waliolala huamka wakilia.

Na namjua, haachi kitu upesi. Miaka kumi pale uwanjani nimemwomba Mungu Eliya asituache. Amenisikia.