Nasubiri Umri Uniponye, na Kaka Anataka Kuhamia Kwangu

Mama Flaviana, mshauri wetu, pokea salamu kutoka Rissne. Ukurasa wako kwenye jarida la jumuiya nimeusoma tangu ulipoanza, na kusema kweli nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nikijiuliza watu wazima wanashindwaje na mambo madogo namna hii, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani, na leo nimekaa na kalamu nikiwa sijui hata tatizo langu linaanzia wapi, kwa hiyo nivumilie nikienda huku na huku.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nane, mzaliwa wa Bukavu, naendesha basi hapa Sundbyberg, Uswidi. Mke wangu Asifiwe anahudumia wazee majumbani mwao, kazi ya hemtjänst, na tuna binti mmoja, Heshima, ambaye yuko karibu kumaliza sekondari. Hatugombani, hatulali njaa, nyumba ina joto, kanisani wananiheshimu. Lakini ni kama miaka miwili sasa kuna kitu kimezimika ndani yangu, sijui nikiite nini, si huzuni ya msiba maana hakuna aliyekufa, si uchovu maana nikilala naamka nao vilevile, chakula nakula lakini sisikii ladha, kwaya nimeacha, mpira siangalii, mtu akinisimulia jambo naona midomo yake inacheza na mimi mwenyewe niko mbali sana.

Vuli iliyopita tulikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha madereva, redio inaongea, na mtafiti mmoja alikuwa anaeleza jinsi watu wa Ulaya wanavyoridhika na maisha yao kadiri umri unavyokwenda. Kama nilielewa vizuri, alisema kwamba katika nchi kama hii ya Uswidi watu wengi wanaridhika wakiwa vijana, katikati wanashuka kidogo, halafu wakishapita hamsini wanaanza kupanda tena, hadi unakuta wazee wanasema wana raha kuliko wenye miaka arobaini, lakini ukienda nchi nyingi za mashariki ya Ulaya mstari wa kuridhika unateremka tu kuanzia ujana mpaka uzee, haunyanyuki. Wenzangu walicheka, wakaendelea na kahawa yao. Mimi, Mama, nilikaribia kulia kwa furaha. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo hiyo! Si ugonjwa, si uchawi, ni umri tu, niko bondeni, nikivuka hamsini nitapanda kama wenzangu.

Tangu siku hiyo nasubiri. Asifiwe aliniambia, "Baba Heshima, twende vårdcentralen umwone daktari, nitakusindikiza." Nikamjibu, "Daktari atanipa nini? Hii ni miaka, itapita." Mkuu wangu wa kazi aliniomba nifundishe madereva wapya, nikakataa. Mpwa wangu alioa Uppsala, nikasema nina mafua. Kila kitu nimekiweka pembeni nikingojea umri wangu ufike, na nilikuwa na amani ya aina fulani, mpaka alipokuja kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa, grand frère kama tunavyosema kwetu, anaitwa Bertrand, ana miaka sitini na nne. Enzi za Zaire alipelekwa Bulgaria kusomea uhandisi, akaoa kulekule, akabaki Sofia. Mke wake amefariki, watoto wake wawili wako Ujerumani. Nilipokwenda kumpokea kabla ya Pasaka nilikuwa nawaza, huyu anatoka nchi ya mstari unaoteremka, nitamkuta amekunjamana. Akatokea anacheka kwa sauti, begi limejaa jemu ya maua ya waridi, akanikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. Alipika, aliimba akiosha vyombo, alimfundisha Heshima kutukana kwa Kibulgaria, nyumba ikajaa kelele ambazo nilikuwa nimezisahau. Hapo nikachanganyikiwa mara ya kwanza, maana kwa hesabu ya redio ilitakiwa yeye ndiye awe kama mimi.

Siku ya Pasaka tukiwa mezani mchana, nikawasimulia ile habari ya redio. Asifiwe akasema, "Basi tujaribu. Kila mmoja aseme, sifuri hadi kumi, anaridhika na maisha yake kiasi gani." Heshima akasema nane bila kuinua macho kwenye simu. Asifiwe akasema tisa. Nikamuuliza, "Tisa? Wewe ambaye mgongo unakuuma kila siku kwa kuwanyanyua wazee wa watu?" Akanijibu polepole, "Mgongo ni mgongo. Mimi nimemaliza kuogopa, ndiyo maana." Mama, nilikasirika, na sijui kwa nini. Tulikimbia vita kwa njia moja, tulilala kambi moja ya wakimbizi, tunakula sufuria moja, yeye ana miaka arobaini na sita, yuko kwenye bonde lilelile, mbona yeye ni tisa? Zamu yangu ilipofika nikasema saba, na haikuwa kweli.

Kaka alikuwa anamenya yai. Akauliza, "Namba ya leo, au ya siku zote?"

Asifiwe akamwambia, "Ya siku zote, shemeji."

"Basi tatu," akasema, akaendelea kumenya.

Heshima ndiye aliyejaribu kutuokoa, akasema kwa Kiswidi kama anavyotujibu siku zote, "Pappa, det är ett medelvärde." Ni wastani tu, baba. Wastani wa nini, sikumuuliza.

Baadaye tukatoka kutembea, mimi na kaka, tukizunguka ziwa la Lötsjön. Akaniambia, "Petit, mdogo wangu, umeniona nacheka. Nacheka kwa sababu niko hapa. Kule wakati wa baridi nafunga vyumba vyote, naishi jikoni, kupasha moto nyumba nzima siwezi. Wale niliokuwa nacheza nao sataranji, wawili wameshazikwa, mmoja hanitambui. Simu inalia Jumapili watoto wakikumbuka. Ukikutana na mzee mwenzako dukani, salamu yenyewe ni malalamiko." Akanionyesha vikongwe wa Kiswidi wanatembea na fimbo zao za mazoezi mbilimbili, wanaongea, wanacheka. "Hawa wana nini? Nami nataka kuzeeka hivi. Nyumba ya Sofia nimeshapata mtu wa kuinunua. Nakuja kuishi kwenu."

Sikusema ndiyo wala hapana. Nilinyamaza. Yeye akanishika bega, akasema, "Asante. Nilijua." Akarudi Sofia na kimya changu.

Sasa ananipigia kila siku, anauliza habari za vitanda, anauliza kama kuna mahali pa sataranji, na mimi sijamwambia Asifiwe neno, na wiki iliyopita nilipita kituo kimoja Hallonbergen bila kusimama, watu wameinua mikono, mama mmoja ana kigari cha mtoto, na sikuwaona kabisa mpaka abiria wa nyuma akapiga kelele. Hakuna aliyeumia. Sijamwambia mtu hilo pia.

Ndiyo maana naomba unisaidie, Mama, maana kichwa kimejaa. Je, mtu akihama nchi anahama na mstari wake, au anaingia kwenye mstari wa wenyeji? Kaka akija huku atapanda, au atatushusha sisi? Na mimi niliyezaliwa Kongo nikazeekea Uswidi, ni wa mstari upi, kwa sababu kama hakuna aliyenichorea mimi basi nilikuwa nasubiri nini? Na nikifika hamsini na tano nikajikuta nilivyo sasa, nitashika wapi?

Ni mimi, Désiré, Rissne.


MAMA FLAVIANA ANAJIBU

Baba Heshima, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye kile kituo cha Hallonbergen. Umekiandika kama jambo dogo, karibu na mwisho, baada ya sataranji na jemu. Nami naanza hapohapo. Unabeba watu. Kama macho yako yanaweza kupita mama na kigari chake bila kuwaona, hufai kushika usukani wiki hii, na ni wewe unayetakiwa kumwambia mkuu wako, kabla hajaletewa habari na abiria. Aliyekuomba ufundishe wenzako anakuthamini. Atakusikiliza.

Tuje kwenye redio yako. Binti yako alikujibu mezani kwa neno moja na hukumuuliza maana yake, labda kwa sababu yeye ni mtoto na wewe ni baba. Mstari ule umechorwa kwa kuwachanganya maelfu ya watu, wenye furaha, wenye kiwewe, matajiri, waliofiwa jana. Hakuna hata mmoja kati yao anayetembea juu yake. Mimi hapa nina miaka sitini na sita, nakaa Husby, na ni kweli nina raha kuliko nilivyokuwa na arobaini na tano. Mtafiti angenipenda. Lakini rafiki yangu Veronica, tuliyekuja naye mwaka mmoja kutoka Bukoba, aliyefanya kazi kama yangu na kupanga ghorofa moja na mimi, kila mwaka anazidi kuinama. Nchi moja, umri mmoja, lifti moja. Sasa niambie, mstari ulimsahau?

Na hao wanaopanda, unadhani wanapandishwa na miaka? Mke wako amekuambia mbele ya watu wote kwa nini yeye ni tisa, nawe ukamkasirikia. Mtu hamalizi kuogopa kwa kukaa kwenye kiti anangoja siku ya kuzaliwa. Asifiwe ana jambo alilolifanya na woga wake, na unalala naye kitanda kimoja bila kumuuliza ni lipi. Muulize. Si kwa kumpeleleza, muulize kama mtu anayetaka kujua.

Kuhusu kaka yako, hapa nitakugombeza kidogo. Amekuambia wazi kinachomuumiza: baridi ya nyumba, marafiki waliozikwa, simu isiyolia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa miaka sitini na nne. Wazee wengi wa kule wana shida zilezile, ndiyo maana wakiulizwa wanajibu wanavyojibu. Wale vikongwe wa Lötsjön wana pensheni yao, lugha yao, na watu waliofahamiana nao tangu shule. Bertrand akihamia Rissne hapati hivyo mlangoni kama mtu anayepewa funguo. Atapata chumba chenye joto, kisha wewe utaondoka na basi, shemeji yake ataondoka kwenda kwa wazee wake, mtoto ataondoka kwenda shuleni, naye atabaki peke yake kutwa nzima katika lugha asiyoijua, akimngoja mdogo wake ambaye akirudi haongei. Na nyumba ya Sofia, mji alikoishi na mke wake, itakuwa ya mtu mwingine.

Sisemi asije. Pengine kuja ndiko kutamfaa, maana alicheka kwenu na kicheko kile nakiamini. Ninasema asiuze. Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Leo, kabla ya kumpigia kaka, mkalishe Asifiwe umwambie yote: kilichosemwa ziwani, kimya chako, kituo ulichokipita, na kwamba ile saba ilikuwa ya kudanganya. Nyumba ni yake pia, na shemeji hapokelewi kwa siri. Kisha mpigieni Bertrand pamoja, simu iwe mezani nyote mmsikie. Mwambie, "Kaka, nilinyamaza, na haikuwa ndiyo. Usitie saini. Njoo majira ya joto ukae nasi mpaka majani yaanguke, tuone maisha ya kila siku yanakwendaje, si ya sikukuu." Akikasirika, mwache akasirike, ni kaka yako, atapiga tena. Na katika miezi hiyo kabla hajafika, usisubiri Jumapili. Mpigie wewe. Waandikie pia wale watoto wake Ujerumani, wajue baba yao anaishi jikoni. Nina hakika hawajui.

Umeniuliza wewe ni wa mstari upi. Sijui, na mtafiti naye hajui. Ninachojua ni kwamba mwanaume aliyeacha kuimba, asiyesikia ladha ya chakula, anayeamka na uchovu aliolala nao kwa miaka miwili, hahitaji mstari, anahitaji daktari. Watu wengi wa kwetu tunaliogopa hilo kwa sababu kwetu daktari ni wa malaria na mfupa uliovunjika. Huku wana dawa na wana watu wa kuzungumza nao, na wengi waliokaa bondeni kama wewe wametoka kwa njia hiyo. Kesho asubuhi piga simu vårdcentralen wewe mwenyewe, usimpe Asifiwe akupigie. Wakikuuliza una nini, usiwaeleze habari za Bulgaria wala za redio. Waambie, "Jag har mått dåligt länge," nimejisikia vibaya kwa muda mrefu, na uombe mkalimani wa Kiswahili au Kifaransa kama maneno yatakushinda. Wakikupa miadi ya mbali, waambie unaendesha basi.

Ya hamsini na tano utayajua ukifika. Leo una arobaini na nane, Baba Heshima, na unaumwa.