Winchi Niliyomfundisha Marcella

Ruiri, Jumapili

Kwako ndugu yangu Muchangi, huko Manyatta,

Ng'ombe amezaa, na mahindi yamekataa. Wajua miaka sita nimeendesha winchi inayovuta ndege zisizo na injini mpaka zipae, na sijawahi kupanda hata moja. Rubani husema, "Ukipanda, Njagi, nani atavuta?"

Basi nikamfundisha mke wangu Marcella. Jumanne akanivuta. Niliona bati letu kutoka juu, nikatoa machozi kidogo.

Tulipotua, rubani akasema, "Mzee, Mama Ciku anavuta vizuri kukushinda. Hata sikutikisika!"

Sasa winchi ni ya Marcella. Mimi hukimbilia kamba ya kuvutia, ndege ikiiachia huko juu ianguke kwenye viazi vya watu. Jioni yeye huniuliza, "Baba Ciku, umechoka?"

Ndugu yako aliyeruka mara moja tu,
Njagi