Kichwa Changu Wamekipima Mara Nne

Mwanangu Rajabu,

Natumaini hapo Makuyuni mmeamka salama, wewe, mkeo na watoto. Mimi huku Dar es Salaam kwa binti yako Zaina ni mzima, ila nimechoka. Mgongo unaniuma kwa kulazwa kwenye kitanda cha mashine ya kupiga picha ubongo, kazini kwake.

Nimesikia shamba langu la bondeni umempa mtu alime, eti ubongo wa mama umekatika mawasiliano. Najua maneno hayo ulikoyapata. Zaina aliropoka kwenye simu baada ya picha ya kwanza. Yeye nimeshamgombeza, sasa ni zamu yako.

Sikia. Hapo kazini kwa Zaina hawanitibu. Mashine inaonyesha sehemu gani ya ubongo inaongea na ipi, nao wanataka kujua kama kesho itasema vilevile kwa mtu yuleyule. Ndiyo maana wanatupima wazee tusioumwa, tena na tena.

Siku ya kwanza wakaniambia nisitikisike. Nikalala. Mara sauti ya kijana ikatoka ukutani: shikamoo bibi, tunaanza. Mtu kakuamkia, utamnyamazia? Nikageuza kichwa nikaitika marahaba. Kila wakianza picha, shikamoo, nami nageuka. Ubongo ukaonekana hauongei vizuri. Siku ya pili hivyohivyo, na picha ikatoka tofauti kabisa na ya kwanza. Mama mmoja, mkubwa wao, akaja kusimama pale akaniona ninavyogeuka. Akawaambia, "Bibi mwamkieni mlangoni. Akishaingia, nyamazeni."

Siku ya tatu na ya nne wakanyamaza, nikatulia kama gogo. Picha zikafanana. Nikamwuliza yule mkubwa wao, basi mimi ni mzima? Akasema, "Bibi, hata hizi hazitoshi kumsemea mtu. Kwanza tunakipima kipimo chetu."

Umesikia? Wenye mashine wamenilaza mara nne na bado hawajathubutu kusema neno. Wewe niliyekuzaa hukupiga hata simu ukaniuliza, mama, leo siku gani?

Ni Jumatano. Jumamosi nashuka stendi ya Korogwe, uje unipokee. Msalimie mkeo, najua yeye alikukataza kulitoa shamba. Msalimie na dada yako aliyeolewa Handeni, na jirani yangu anayenilishia kuku.

Huyo mtu mtoe shambani kabla mvua haijaanza. Na jembe langu ulirudishe nyuma ya mlango, nilipoliacha. Nakumbuka nililiacha wapi.

Ni mimi mama yako,
Mwanaidi